Reflekta ya dola 18 hapa Goma: miaka miwili ya kupepeta jua

Nianze na wale hawana muda: nunueni tu. Kitu chenyewe ni kitambaa na waya ya kujizungusha, cha kurudisha jua kwenye uso wa mtu unayempiga picha, bei yake haifiki hata nusu ya betri moja orijino ya kamera yangu, na kwa kazi yangu mimi, kazi ya nje, arusi, kolasioni (sherehe ya wahitimu), ubatizo, wasichana wanaotaka picha ya aniverseri pembeni ya ziwa, imenisaidia kuliko lenzi yoyote nimewahi kununua. Naipa nne juu ya tano. Ile moja niliyokata nitaieleza, na siku ile ziwa lilitaka kuibeba nayo nitaieleza. Wenye muda tuendelee, juu huwezi kuelewa kwa nini naisifu hivi kama sijakueleza kwanza habari ya mawe.

Goma ni mji mweusi. Sisemi usiku, nasema chini, pale unakanyaga. Volkano yetu, Nyiragongo, ilimwaga moto katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, ukapoa ukawa jiwe, na chini ya jiwe hilo kuko mawe mengine ya zamani zaidi, nayo tumejengea kuta, tumejengea vizimba, tunaponda tunaweka barabarani, vumbi lake linaingia mpaka kwenye begi la kamera. Sasa fikiria mtu amesimama kwenye jua la saa sita. Bukavu kuko udongo mwekundu, fasi zingine kuko mchanga ama sementi, jua likigonga chini kidogo linarudi juu, linapanda mpaka chini ya kidevu, linaingia kwenye macho, na fotografu hajui hata kama ardhi imemsaidia, anafikiri ni kipaji. Hapa kwetu jiwe linakunywa. Jua linashuka, halirudi. Paji la uso na pua vinang'aa, macho yanabaki mashimo mawili, shingo imepotea kabisa.

Hiyo nilijifunza kwa aibu. Arusi moja ya mtaa wa Himbi, bibi-arusi mzuri sana, gauni nyeupe ndefu, familia ikataka picha juu ya mawe juu walishaona mtu mwingine amepiga hivyo na ikapendeza. Saa saba mchana, mimi na kamera yangu, 6D ya okazioni (iliyokwisha kutumika), na lenzi ya 50 mm ile ya f/1.8, najiona nimefika. Kamera ikaona mawe meusi mengi kwenye fremu, ikadhani fasi ni giza, ikaongeza mwanga, gauni ikaungua yote, huoni tena hata ua moja la denteli. Nikapunguza, gauni ikarudi, uso ukapotea. Nikasogelea karibu, gauni ikajaza fremu, kamera ikadhani sasa kuko mwanga mingi, ikapunguza yenyewe, bibi-arusi akawa kivuli. Nilipiga picha zaidi ya 200 siku ile. Kisha nikakaa siku mbili kwenye kompyuta nikivuta vivuli juu, nikivuta vivuli juu, mpaka ngozi ikawa na punje punje sawa vile unga wa muhogo. Nilipopeleka, tantini (anti) wa bibi-arusi akazipitia pole pole kwenye simu, akaniangalia, akasema: "Papa foto, mutoto wetu alikuwa amelala vizuri, lakini humu uko namufanya sawa mutu alilia usiku muzima." Sikuwa na jibu. Nikarudisha dola 30 na nikaomba msamaha.

Watu wa kazi waliniambia nunua flashi. Nilikuwa nayo tayari, na flashi ya juu ya kamera kwenye jua la mchana ni biashara ngumu, wacha niseme kwa nini juu vijana wengi wanapoteza pesa hapo. Kamera yangu na flashi ya kawaida haipite spidi ya 1/180 ya sekunde. Kwenye jua kali, ISO 100, 1/180, itabidi ufunge tundu la lenzi liwe dogo, mpaka f/11 na zaidi, maana yake kila kitu nyuma kinaonekana wazi, kamba ya nguo, mtu wa moto (pikipiki) anasubiri abiria, goti la mtoto wa jirani. Na kwa f/11 flashi ndogo lazima ipige kwa nguvu zake zote, inachoka, unangoja ijae tena, bibi-arusi amekwisha kufunga macho. Kuko ile namna ya kuruhusu spidi ya juu, ndiyo, lakini inakula nguvu ya flashi vibaya, mita mbili tu na hauoni tena kazi yake. Kwa hiyo kwa jua flashi ni ya mwenye flashi kubwa na betri kubwa. Mimi nilikuwa na flashi ndogo na madeni.

Kabla ya kununua reflekta nilijaribu shuka nyeupe ya kitanda cha mama (ikarudi nyeusi, hilo ni neno lingine), nikajaribu kipande cha frigoliti kile kinatokaga kwenye kartoni ya televizioni. Frigoliti inafanya kazi! Sitanii, kama hauna hata dola moja tafuta frigoliti. Shida ni kuibeba. Jaribu kupanda moto na frigoliti ya mita moja toka Ndosho mpaka mjini na upepo wa pale Signers, utashuka na vipande kama mvua ya mawe.

Reflekta yenyewe niliipata Birere, kwenye duka linalouza kila kitu, chaja, viatu, sufuria. Ilikuwa imelala kwenye mfuko wake mweusi wa duara, na muuzaji alikuwa ananiapia ni ya kuweka kwenye kioo cha gari ili jua lisichome viti. Nikamuuliza sasa huu upande wa dhahabu ni wa gari gani. Akacheka, akasema gari ya bosi. Akaanza dola 25, tukafika 18, sikumwambia ni ya nini. Haina jina la maana, ni ile ya nyuso tano: ndani kuko duara moja ya kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, na juu yake kuko ganda la zipu, upande mmoja rangi ya fedha, upande mwingine dhahabu, ukiligeuza nje-ndani unapata nyeupe na nyeusi. Upana sentimita 110. Ukiikunja inakuwa kama sahani kubwa ya wali, inaingia mgongoni nyuma ya begi.

Kuikunja sasa. Usiku ule wa kwanza nyumbani tulikuwa watu wanne tunapigana nayo. Kufungua ni rahisi kupita kiasi, unaitoa tu kwenye mfuko inaruka yenyewe PAA, ilimpiga mdogo wangu kwenye mdomo. Kufunga ni lazima ushike kushoto na kulia, mkono mmoja uangalie juu mwingine uangalie chini, uzungushe kama unakamua nguo, yenyewe inajikunja mara tatu. Ukitumia nguvu umeshindwa. Leo naikunja nikiongea na simu, lakini nimeona fotografu mzima na ndevu zake ameacha ya kwake wazi mpaka jioni juu ya aibu, akaipakia kwenye teksi ikiwa wazi, mlango haufungi.

Nyuso tano hizo hazina thamani sawa, hapo msidanganyike. Kazi yangu kama sehemu nane kwa kumi naifanya na mbili tu, nyeupe na ile inayopitisha mwanga.

Nyeupe: mgeuze mtu alipe jua mgongo, jua limguse nywele na mabega, uso wake ukuje kwenye kivuli chake mwenyewe. Kisha mwambie msaidizi asimame mbele, mita moja na kidogo, akamate ile nyeupe kwenye usawa wa kifua, aiinamishe pole pole mpaka uone macho yamewaka. Utaona tu, hakuna hesabu, ni kama mtu amefungua dirisha. Ngozi yetu sisi inapenda ile nyeupe, haing'arishi jasho, haibadilishi rangi, inaingia chini ya nyusi, inakuja mpaka shingoni, na hapo njo nilielewa ile jiwe ilikuwa inaninyima nini miaka yote. Kosa la kila mtu siku ya kwanza ni kuiweka chini kabisa karibu na magoti. Usifanye. Mwanga unaotoka chini ni wa hadithi za wachawi, sawa vile mtoto anaweka tochi chini ya kidevu kutisha wenzake. Iinue, itokee pembeni kidogo, ifanane na mwanga wa mlangoni.

Ile inayopitisha mwanga: hii njo mke mkubwa. Saa sita jua liko juu ya kichwa na familia inasema tunaenda kula saa saba hatuna muda, unatoa ganda lote, msaidizi anainua duara juu ya kichwa cha mtu kama mwamvuli, karibu iwezekanavyo bila kuingia kwenye fremu, na jua kali linageuka kuwa mwanga wa siku ya mawingu. Kuko bei yake: mtu amepata kivuli lakini nyuma yake bado ni jua kali, ukimpima yeye, nyuma inaungua nyeupe. Hapa sasa jiwe letu linarudi kuwa rafiki. Msimamishe mbele ya ukuta wa mawe ya volkano. Ukuta mweusi hauungui haraka, unabaki pale umetulia, kijivu cha giza na matundu matundu yake, na kikwembe (kitenge) cha rangi mbele yake kinapiga kelele. Picha zangu zote zile watu wanauliza "hiyo studio iko wapi" ni ukuta wa jirani yangu mtaani Keshero na duara ya dola 18. Jirani hajui, au anajua na ananyamaza.

Fedha ni kali. Inafika mbali, inasaidia kama jua limejificha au mtu yuko ndani sana ya kivuli cha mti, lakini usoni kwenye jua ni adhabu. Mama mmoja mzee nilimpigia picha na watoto wake, nikakosea upande, akafunika uso na kitambaa, "mwanangu unanichoma, mimi si mahindi." Ukiitumia irudishe nyuma mita tatu, nne.

Dhahabu wateja wanaipenda kwa macho juu inang'aa, wanasema tumia ile ya dhahabu, tumelipa. Mchana inatoa watu rangi ya mafuta ya mawese. Jioni kabisa jua likiwa limekuwa la machungwa lenyewe, inapita, mchana hapana. Nyeusi natumia mara chache kufunika mwanga usioingia vizuri, na zaidi natumia kukalia.

Halafu kuko jua lenyewe na tabia yake. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, chini kidogo, kwa hiyo mwezi wa 3 na mwezi wa 9 saa sita jua linakaa juu ya utosi hasa hasa, hakuna kushoto hakuna kulia, vivuli vyote vinaanguka miguuni, miezi hiyo ile duara ya mwamvuli haiingii tena kwenye mfuko. Mwezi wa 6 jua la mchana linasogea upande wa Nyiragongo, mwezi wa 12 linasogea upande wa ziwa. Hii inabadilisha kila kitu kwa arusi za pembeni ya maji! Mwezi wa 12 mtu akilipa ziwa mgongo, jua liko nyuma yake, maji nyuma yanameta, unahitaji reflekta mbele na picha inakuja nzuri. Mwezi wa 6 mtu huyo huyo, fasi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, jua linampiga usoni anakunja macho. Nilikuwa narudia sehemu moja mwaka mzima nikishangaa kwa nini Julai inakataa na Desemba inakubali, nikidhani ni mimi nimechoka.

Na jioni ni fupi. Jua linazama karibu saa kumi na mbili, ongeza robo saa, punguza robo saa, mwaka mzima hivyo, na mbele ya kuzama linaingia kwanza nyuma ya milima ya upande wa Sake, kwa hiyo ule mwanga mzuri wa dhahabu ambao wazungu kwenye video za YouTube wanauchezea saa nzima, hapa ukitoka kufunga kamba ya kiatu umeisha. Mimi wateja nawaambia saa kumi kamili muwe mmefika. Wanafika saa kumi na moja na nusu, wamejipaka vizuri, wananiuliza kwa nini nina haraka.

Kolasioni njo mtihani wa kweli wa hii kitu. Toga nyeusi, kofia nyeusi, mawe meusi, na mtu mwenyewe ni mweusi kama mimi, halafu familia watu kumi na tano wako na haraka na wengine ishirini wanasubiri nyuma yenu. Mwaka jana nilifanya siku moja ya hivyo, nikachagua kona moja tu karibu na mlango, nikaweka alama chini na chaki, reflekta nyeupe upande wa kushoto, kila mhitimu anakuja anasimama kwenye alama, picha tatu, anatoka, mama yake anaingia anamkumbatia, picha mbili, mwingine. Nilihesabu kama dakika tatu kila familia. Sikugusa kamera, ISO ile ile, mwangaza ule ule, saa nzima, na usiku kwenye kompyuta sikuwa na kitu cha kuvuta, nilipunguza tu pembeni nikalala saa nne. Kijana mwingine alikuwa na kamera mpya kabisa, kamera ya kunifanya nimeze mate, alikuwa anafukuza watu huku na huku kila kona na mwanga wake. Sijui za kwake zilitoka namna gani. Ninachojua ni familia mbili zilitoka kwake zikaja kwenye mstari wangu, na sisemi kwa majivuno, nasema juu mstari ndio uliwavuta, watu wetu wakiona mstari wanajua kuko kitu kinagawiwa.

Sasa ile nyota niliyokata.

Reflekta inataka mtu wa pili. Hiyo haiandikwi kwenye mfuko. Hauwezi kukamata kamera na kukamata duara ya mita moja na kugeuza uso wa mtu. Kuko stendi za kuikamata, lakini stendi na upepo wa ziwa ni mchezo wa kuvunja vitu. Kwa hiyo mimi nina peti wangu, mtoto wa dada, ninamlipa kwa siku, na hiyo pesa lazima uitie kwenye bei ya mteja, la sivyo utakuwa unapiga picha nzuri na njaa. Siku za kwanza alikuwa anaangalia bibi-arusi badala ya kuangalia mwanga, nilikuwa napiga kelele "juu! juu kidogo! kushoto yako, si yangu!" Leo simwambii kitu, anaona mwenyewe, na akiniona nimekosea upande ananong'ona, "Yaya, macho yake imezimika."

Siku peti hayuko, watoto wa mtaa wanagombea kuikamata. Inanisaidia kwa dakika tano, kisha wanaanza kupigana jua machoni na ile ya fedha. Lipa kwa ndazi, na lipa mwisho, si mwanzo. Na reflekta wameshaipatia jina: ungo. Mara ya kwanza ni mama mmoja muuza samaki pale Kituku, alisimama na beseni yake kichwani akatuangalia muda mrefu, peti anainamisha, anainua, anainamisha, mama akauliza, "Munapepeta jua?" Tangu siku ile peti akiniuliza kama tumebeba vitu vyote anasema kamera, betri, ungo.

Upepo. Asubuhi ziwa limetulia kama kioo, mchana upepo unaamka, na duara ya mita moja ni tanga la mtumbwi, hakuna namna nyingine ya kusema. Arusi moja pembeni ya maji, peti alikuwa ameishika na mkono mmoja juu mkono mwingine ulikuwa unajibu meseji, upepo ukaingia chini, ungo ukatoka, ukaruka juu ya bwana-arusi, ukagonga maji, ukaanza kwenda zake, upande wa fedha juu, ukiwaka jua lote la Goma, wageni wote wamesahau arusi wanashangilia. Mvuvi mmoja akaufuata na mtumbwi. Alipourudisha akauangalia, akaugeuza, akasema hii ni mali ya gharama, akataka franka 10,000, tukashuka mpaka 3,000 na picha yake moja amesimama kwenye mtumbwi amekamata ungo kama ngao. Hiyo picha njo nzuri kuliko zote za siku ile, na bibi-arusi hajawahi kujua. Toka hapo nilifunga kamba ya kiatu kwenye ukingo, msaidizi anaizungusha kwenye mkono. Fanya hivyo siku ya kwanza, usingoje mvuvi.

Kwa matukio yenyewe, nasema msafara, watu wanacheza, maaskofu wanapita, mpira, matamasha, iache kwenye begi. Festivali Amani ilipoanza 2014 pale Collège Mwanga nilikuwa mdogo na kamera ya kuomba, na hata kama ningekuwa nayo wakati ule ingenisaidia nini? Kwenye umati unatumia miguu, unazunguka mpaka jua likae pembeni, basi. Na kundi la watu zaidi ya wanne haliwezi, inaangaza wawili wa mbele, wengine wanabaki gizani wanaonekana kama waliokuja bila kualikwa. Familia kubwa naipeleka kwenye kivuli cha jengo, wote sawa.

Kuko na hili la mji wetu sasa, nilipite haraka. Duara inayowaka inaonekana kutoka mbali sana, na si kila mtu anajua ni ya picha. Mimi siifungui karibu na barrière (kizuizi cha barabarani), siifungui karibu na watu wenye silaha, siifungui barabarani kabla sijasalimia na kueleza, hata kama mteja ananiambia hakuna shida. Mwanzo wa 2025, vita ilipoingia mjini, kazi zilikatika kabisa, benki zikafungwa, waliobaki wakifunga ndoa wanafunga ndogo uani, watu thelathini, na wanalipa kidogo kidogo. Kwenye arusi hizo za uani, ukuta wa mawe huku na huku na kipande cha mbingu juu, ungo ulifanya kazi zaidi ya kamera. Uani hakuna upepo tena.

Uimara: miaka miwili, arusi sikuhesabu. Waya haijavunjika, ina kona moja imepinda kidogo toka siku peti aliikalia kwenye moto, lakini inafunguka. Zipu ilikufa mwezi wa tano, wote walionunua hizi za bei ya chini watakuambia zipu, nafunga na pini tatu za kikwembe. Upande wa fedha umeanza kubanduka kwenye mikunjo, nyeupe imekuwa ya maziwa ya chai juu ya vumbi letu, nikaiosha na sabuni ya Omo na maji ya vuguvugu ikarudi vizuri, ianike wazi, ukiikunja ikiwa na unyevu inanuka soksi na wateja watajua. Mvua haiiharibu. Ukienda kununua, ifungue dukani hata kama muuzaji ananung'unika, iweke chini kwenye fasi ya sawa, ikilala tambarare nunua, ikikaa kama chipsi acha. Angalia uzi wa ukingo, pale waya zinapounganika ndipo panachomoka kwanza. Zile za sentimita 60 ni za kupiga picha chakula, usidanganywe. Ya 80 inatosha kwa uso na kifua na inavumilia upepo. Ya 110 njo ya arusi. Kubwa zaidi ya hapo labda una wasaidizi wawili na hauko karibu na maji.

Mteja mwingine wa zamani, yule tantini wa Himbi, alinipigia mwezi uliopita. Nikajua tunarudi kwenye zile dola 30. Hapana, mtoto wa yule bibi-arusi anabatizwa, anataka picha, na akaongeza, "ukuje na ile kisahani yako, nimeona kwa batu." Tulipiga saa nne asubuhi kwenye mawe yale yale, mama na mtoto, gauni ndogo nyeupe. Tantini akachukua kamera mikononi mwangu, akaangalia kwenye kioo cha nyuma, akavuta karibu mpaka macho ya mtoto yakajaa. Hakusema kitu. Akaita wengine waje waone.

Peti amenunua ya kwake, ya 80, amepata kwa dola 12, na mwenye duka bado anasema ni ya kioo cha gari. Jumamosi hii tuko na arusi mbili, yeye Katindo, mimi Keshero, na natafuta mtu wa kunishikia ungo.